Mita Yaona, Mtu Ndiye Azimaye

Barabara kuu itokayo Musanze kwenda Rubavu, kabla ya kuteremka hadi ufukweni mwa ziwa Kivu, hupita katika sekta ya Kanzenze, nchi ya milima na ya baridi. Askari aliyewahi kupangiwa kazi katika Jimbo la Magharibi la Rwanda anaijua barabara hiyo: malori ya viazi na mboga, baiskeli zilizobebeshwa mizigo kupita kiasi, na katika kila kituo cha biashara, safu ya vibanda vya msagishaji, fundi wa kuchomelea vyuma, kinyozi, na muuza vinywaji aliyeiweka friji yake karibu na mlango ili wapita njia waione. Biashara hizi ni ndogo, na kila moja yanunua umeme. Mwenye duka hubonyeza simu yake, hulipa, hupokea namba ya tarakimu 20, huiingiza katika mita ya Cash Power iliyoko ukutani, na taa zikawaka.

Swali tunalotaka kulitazama ni jepesi kuuliza: je, mitambo hii ya kidijitali, yaani ile ihesabuyo, ikumbukayo na kupeleka habari kwa tarakimu, yapunguza kweli umeme unaopotea katika biashara, au yatuonyesha tu kwa usahihi zaidi kiasi tunachopoteza? Jibu letu twalitoa mapema, ili msomaji atupime kwalo. Mtambo huu ni doria. Doria hutoka, huona, hurudi na taarifa. Kama kamanda haisomi taarifa hiyo, au aisoma asitoe amri, adui hubaki pale pale alipoonekana, na askari wa doria wamechoka bure.

Kwa nini tuwaandikie askari na polisi habari za umeme wa kusagia mahindi? Kwanza, kazi ya silaha haidumu maisha yote ya mtu. Nchini Rwanda kuna ZIGAMA CSS, chombo cha akiba na mikopo kilichoanza mwaka 1997 kwa ajili ya wanajeshi, na ambacho huwahudumia pia polisi na askari magereza. Koplo au sajini anayekaribia kustaafu hukaa na mkewe, au mama hukaa na mumewe ikiwa yeye ndiye askari, wakahesabu akiba na mkopo, na mara nyingi wazo la kwanza ni mashine: ya kusaga, ya kuchomelea, au ya kupoza maziwa. Mkopo una tarehe ya kulipwa. Umeme nao una bei yake. Kati ya hayo mawili ndipo mali ya miaka 20 ya utumishi husimama au huanguka, na mara nyingi kinachoiangusha ni gharama ndogo ndogo zisizoonekana, kila siku kidogo. Pili, nyaya, transfoma na mita hulindwa na polisi. Tatu, kambi na kituo cha polisi vyanywa katika kisima kile kile wanachonywea wananchi.

Na kisima hicho si kirefu. Karibu na Kanzenze, mto Sebeya hushuka kutoka milimani, hupita Kanama na Nyundo, na kuingia ziwani. Juu ya mto huo vimejengwa vituo vya umeme vya Gisenyi, Gihira na Keya, na kila kimoja kina uwezo wa megawati chache tu. Misitu ya Gishwati ilipokatwa, mvua zilianza kuteremsha udongo mtoni, na tope ni adui mkubwa wa mitambo ya maji. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mafuriko na maporomoko ya ardhi yaliua watu zaidi ya 130 katika majimbo ya Magharibi na Kaskazini, na Sebeya uliozidi kingo zake ulibomoa nyumba nyingi za wilaya ya Rubavu. Ziwa Kivu lenyewe lina gesi ya methani chini ya maji yake. Kuanzia mwaka 1963 kiwanda cha bia cha Bralirwa, kilichoko ufukweni upande wa Gisenyi, kilitumia gesi hiyo kuchemshia maji yake, na tangu mwisho wa mwaka 2015 mtambo wa KivuWatt, huko Karongi, huzalisha umeme wa megawati 26 kwa gesi hiyo hiyo. Ni akiba njema, lakini kuitoa chini ya ziwa kwataka fedha nyingi na uangalifu mwingi.

Wazee wa kazi wataukumbuka mwaka 2004. Maji ya ziwa Burera yalipungua kwa sababu ya ukame, kwa sababu kinamasi cha Rugezi kinacholilisha kilikuwa kimekaushwa ili kulimwa, na kwa sababu mitambo ya Ntaruka ilikuwa imelivuta kupita kiasi. Electrogaz, shirika lililosimamia umeme wakati huo, lililazimika kukodi jenereta za dizeli, na dizeli hiyo ilisafirishwa kwa malori kutoka bandari za mbali za bahari ya Hindi. Kati ya mwaka 2004 na 2006 bei ya uniti moja ilipanda zaidi ya mara mbili. Msagishaji wa wakati ule hakuwa na la kufanya ila kupandisha bei ya kusaga au kufunga mlango.

Sasa tuitazame mita ya kulipia kabla. Wengi huihesabu kuwa njia ya shirika kupata fedha zake mapema, na hawakosei. Lakini ina kazi ya pili. Ankara ya mwisho wa mwezi ni kama barua ya lawama: hufika baada ya kosa, tena haisemi kosa lilitendeka siku gani. Mita ya kulipia kabla husema leo. Mwenye duka aliyenunua uniti 50 Jumatatu na kuziona zimebaki 12 Alhamisi, hutazama huku na huku akiuliza zimekwenda wapi. Katika mji wa Cape Town, Afrika Kusini, wataalamu walifuatilia wateja zaidi ya 4,000 waliobadilishiwa mita, wakatoka ankara wakaingia kulipia kabla. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kwamba matumizi yao ya umeme yalishuka kwa karibu asilimia 14. Hapana balbu iliyobadilishwa kwa amri, wala mashine iliyoletwa. Kilichobadilika ni wakati wa kuona gharama.

Hata hivyo, hapana budi tuongeze neno la tahadhari. Wengi wa wale wa Cape Town walikuwa watu wa majumbani. Nyumbani mtu azima taa na kulala. Mwenye biashara hawezi kuzima mashine mbele ya mteja. Kwake yeye swali si jinsi ya kutumia umeme mchache, bali jinsi ya kupata kazi nyingi zaidi kwa umeme ule ule. Tofauti hii hupuuzwa sana, na ndiyo chanzo cha maneno mengi matupu juu ya kubana matumizi.

Tumchukue msagishaji, kwa kuwa habari zake ni rahisi kuhesabika. Tuseme mashine yake ina mota ya kilowati 15. Inaposaga kwa nguvu zake zote hula uniti 15 na zaidi kwa saa, na hapo hana hasara, kwa maana mteja analipa. Hasara iko katika dakika ambazo mashine yazunguka na hapana mahindi. Mama mmoja amemaliza, mwingine yuaja kule barabarani na ndoo kichwani, na msagishaji hataki kuzima kwa sababu kuwasha tena ni usumbufu. Mota, mkanda na nyundo za ndani vyaendelea kuzunguka bure. Tuseme hali hiyo hula kilowati 3. Kwa saa 3 za namna hiyo kila siku, uniti 9 zimekwenda. Kwa siku 26 za kazi, uniti 234. Umeme huo ungetosha kusaga kwa nguvu zote kwa zaidi ya saa 15. Hii ni hesabu ya mfano, na kila mashine ina tabia yake, lakini mwenye kustaafu aifanye kwa mashine yake mwenyewe kabla ya kutia saini mkataba wa mkopo.

Je, mita ya ukutani humwonyesha hasara hiyo? Yamwonyesha jumla tu. Haisemi kwamba uniti hizi zilisaga na zile zilizunguka bure. Hapa ndipo mitambo mipya ya kidijitali huingia: kipimio kidogo kinachofungwa juu ya waya wa mashine, ambacho huandika matumizi ya kila dakika na kuyapeleka katika simu. Katika mchoro wake, vipindi vya kusaga vyaonekana kama vilima, na vipindi vya kuzunguka bure kama uwanda wa chini usiofika sifuri. Mtu akiuona uwanda huo mara moja hausahau. Lakini tuseme kweli: daftari na kalamu vyaweza kufanya sehemu kubwa ya kazi hiyo. Msagishaji aandike namba ya mita kabla ya gunia na baada ya gunia. Ikiwa mwezi wa kwanza gunia moja lilikula uniti 4, na mwezi wa tatu gunia la mahindi yale yale lala uniti 5, basi nyundo zimekuwa butu, au chujio limeziba, au mkanda umelegea. Uniti kwa gunia: tarakimu hiyo moja ina faida kuliko picha zote za rangi zilizomo ndani ya simu. Mtambo wa kidijitali hauleti elimu mpya hapo, ila wamwondolea mtu uvivu wa kuandika. Nao uvivu, twajua sote tuliowahi kushika kitabu cha zamu, si adui mdogo.

Dawa ya kuzunguka bure si ya kidijitali hata kidogo. Ni saa za kazi. Msagishaji atangazaye kwamba atasaga saa tatu asubuhi, saa saba mchana na saa kumi na moja jioni, hukusanya mahindi ya watu wengi na kuyasaga mfululizo. Baadhi ya wateja watanung'unika na kwenda kwa jirani. Ndiyo maana amri hii ni ngumu, na ndiyo maana takwimu zahitajika: mtu hakubali kunung'unikiwa na wateja wake mpaka awe ameona kwa macho yake fedha anazopoteza kwa kuwaridhisha.

Kwa fundi wa kuchomelea mambo ni tofauti, kwani kwake elektroniki zimeingia ndani ya mashine yenyewe. Mashine ya zamani ni transfoma nzito ya shaba na chuma ambayo watu wawili hushirikiana kuibeba, na hula umeme hata fundi anapopumzika. Mashine mpya za kielektroniki hubebwa kwa mkono mmoja, hupoteza umeme mchache zaidi katika kazi ile ile, na zikisubiri hula kidogo sana. Hapo fundi hahitaji kusoma taarifa yoyote. Akiba huja pamoja na chombo. Ubaya wake ni kwamba ikiharibika haitengenezwi kwa nyundo na waya, na umeme wenye kupanda na kushuka huweza kuiua kwa siku moja.

Viazi vya Kanzenze vyatupa mfano ambao twaupenda zaidi. Ziwa Kivu liko kiasi cha mita 1,460 juu ya bahari, na kadiri barabara inavyopanda kutoka ziwani ndivyo hewa inavyozidi kuwa baridi. Viazi vya kula hudumu zaidi vikiwekwa penye baridi, giza na hewa inayopita. Mjini, ghala la namna hiyo lingetaka mtambo wa kupozea wenye kula umeme usiku na mchana. Milimani, baridi ipo bure kila usiku. Kinachotakiwa ni pangaboi na vipimajoto viwili, kimoja ndani na kimoja nje, pamoja na kifaa kidogo cha kuvilinganisha: hewa ya nje ikiwa baridi kuliko ya ndani, pangaboi huwashwa, jua likitoka, huzimwa na madirisha hufungwa. Mlinzi wa ghala angeweza kuifanya kazi hii kwa mkono, ikiwa angeamka saa nane usiku kila siku bila kukosa. Hataamka. Kifaa hakilali, na hapa ndipo mtambo wa tarakimu humshinda mtu kwa haki kabisa.

Maziwa nayo, ambayo ni mali kubwa ya wafugaji wa upande wa Gishwati, hutoka kiweleni yakiwa na joto la mwili wa ng'ombe na yapaswa kushushwa haraka hadi nyuzi 4. Tangi la kupozea lililojaa vumbi kwenye mabomba yake ya nyuma hufanya kazi muda mrefu zaidi kufikia nyuzi hizo hizo. Kipimajoto kinachoandika saa kwa saa huonyesha kwamba jana kupoza kulichukua saa mbili na leo saa tatu. Baada ya hapo ni kazi ya brashi.

Katika viwanda vikubwa hesabu hubadilika. Wilaya ya Rubavu ina kiwanda cha chai cha Pfunda, na kila askari aliyepita barabara ile ameyaona mashamba ya chai. Hatutasema lolote juu ya mambo ya ndani ya kiwanda hicho. Twataka kueleza tu jinsi chai itengenezwavyo popote. Majani mabichi hutandazwa na kupulizwa hewa kwa saa nyingi ili yanyauke, kisha hukatwa, huachwa yageuke rangi, na mwisho hukaushwa kwa joto kali. Mapangaboi ya kunyaushia hula umeme mwingi, na kuna kanuni moja ya pangaboi ambayo ingefaa kubandikwa katika kila kiwanda: likipunguzwa mwendo hadi asilimia 80, umeme linaoula hushuka hadi karibu nusu. Zamani pangaboi lilikuwa ama limewashwa ama limezimwa. Leo kifaa cha kielektroniki hubadilisha mwendo wake kulingana na unyevu wa majani, hewa ikawa nyingi mwanzoni na chache mwishoni. Akiba yake si ya kubahatisha, kwa kuwa hutokana na sheria za maumbile, wala haitegemei tabia ya mtu.

Lakini sehemu kubwa ya nishati ya kiwanda cha chai haipiti katika waya hata kidogo. Hupita katika mlango wa tanuri, kwa umbo la kuni. Kilo moja ya kuni mbichi, ambazo nusu ya uzito wake ni maji, hutoa joto linalozidi kidogo tu nusu ya lile la kilo moja ya kuni zilizokauka hadi asilimia 20 ya maji. Sehemu nyingine ya joto hutumika kuchemsha maji yaliyomo ndani ya kuni zenyewe! Kuna kipimio kidogo cha mkononi chenye sindano mbili ambacho huchomwa katika gogo na kuonyesha unyevu wake kwa tarakimu. Tukiulizwa kiwanda cha milimani kianzie wapi safari yake ya kidijitali, tungesema kianzie hapo, kwenye rundo la kuni chini ya paa, kabla ya kununua kompyuta kubwa ya kuonyesha michoro ukutani. Wauzaji wa kompyuta hawatapenda ushauri huu.

Viwanda vina jambo jingine lisilomhusu kinyozi. Havilipi uniti peke yake. Hulipia pia kilele, yaani kiwango cha juu kabisa cha umeme vilichoutaka kwa wakati mmoja, na nchini Rwanda saa za siku nazo zimeingizwa katika hesabu, ili jioni, watu wote wanapowasha taa, iwe ghali kuliko usiku wa manane. Kiwanda kinachowasha mota zake zote kwa mkupuo saa moja jioni huweza kulipia dakika hizo chache mwezi mzima. Hapo mita ya kidijitali yenye kuandika kila robo saa ni ya lazima, kwa kuwa bila hiyo hakuna ajuaye kilele kilitokea lini. Jirani zetu wa Kenya walikwenda hatua moja mbele: kanuni zao za mwaka 2012 ziliamuru kila mahali panapotumia zaidi ya uniti 180,000 kwa mwaka pakaguliwe matumizi ya nishati kila miaka mitatu. Amri ya namna hiyo hufanya taarifa ya doria isomwe, hata kwa kulazimishwa.

Tumekwisha kutaja polisi. Umeme unaoondoka kituoni haufiki wote kwa mteja. Sehemu yake hugeuka kuwa joto katika nyaya, na sehemu nyingine huibwa. Polisi wa Rwanda wametangaza mara nyingi kuwakamata watu wenye nyaya za umeme na mita zilizong'olewa. Mtu aweza kudhani kwamba huu ni wizi wa shaba tu. Waya wa kuelekeza umeme ardhini ukiibwa kwenye transfoma, umeme wa kijiji kizima waweza kuyumba, friji na mota za wafanyabiashara zikaungua, au mtu akafa. Na mwizi wa umeme, yule ajiungiaye nyuma ya mita, huwaongezea mzigo wote walipao. Zamani kumpata kulitegemea mtoa habari. Sasa mita iliyofungwa kwenye transfoma huonyesha kiasi kilichotoka, mita za wateja huonyesha kiasi kilichopokewa, na tofauti kati ya hizo mbili husema: mtaa huu, si ule. Afande, hata hivyo, asivunje mlango kwa tarakimu peke yake. Tofauti hiyo yaweza kuwa waya mbovu, au mita iliyokufa, au kosa la aliyeandika ni mteja gani yuko chini ya transfoma gani. Tarakimu hutoa sababu ya kuchunguza. Ushahidi ni jambo jingine.

Wako wasemao kwamba mitambo hii nayo hula umeme, hivyo tunatoa kwa mkono mmoja na kuchukua kwa mwingine. Ni kweli kwa kiasi. Shirika la Kimataifa la Nishati lilikadiria kwamba mwaka 2024 majumba ya kompyuta duniani, yale yahifadhiyo na kuchakata habari zetu zote, yalikula umeme upatao asilimia 1.5 ya umeme wote wa dunia, na kiasi hicho chakua haraka. Lakini kipimio cha msagishaji hula umeme mdogo kuliko taa moja. Sehemu kubwa ya ulafi ule ni ya mataifa tajiri, na si haki kumhesabia mtu wa Kanzenze.

Hoja nzito zaidi ni ya Mwingereza William Stanley Jevons, aliyeandika mwaka 1865 kwamba mashine za mvuke zilipopunguza makaa zinayokula kwa kazi moja, Uingereza haikuchoma makaa machache bali mengi zaidi, kwa kuwa mvuke ulikuwa rahisi na kila mtu akautaka. Msagishaji wetu akiokoa uniti 200 kwa mwezi, yamkini atanunua mashine ya pili. Huko Ulaya jambo hili huwatia watu huzuni. Sisi halituhuzunishi. Nchi ambayo bado inahangaika kufikisha waya katika kila kijiji haiokoi umeme ili usitumike; yauokoa ili utumike na mtu mwingine, au na mtu huyo huyo kwa kazi ya pili. Uniti iliyokuwa ikizunguka bure katika mkanda, ikigeuka kuwa cheche za kuchomelea mlango wa shule, hapana aliyepoteza.

Jambo la mwisho ni la ulinzi, na wasomaji wetu walielewa kuliko sisi. Kadiri biashara inavyoikabidhi mitambo yake kwa kompyuta ili kuokoa nishati, ndivyo inavyofungua mlango kwa mtu aliye mbali. Tarehe 23 Desemba 2015, nchini Ukraine, wavamizi waliingia kwa njia ya mtandao katika kompyuta za makampuni ya kugawa umeme, wakafungua swichi moja baada ya nyingine mbele ya macho ya wafanyakazi waliokuwa wakitazama mishale ikitembea kwenye vioo vyao bila kuguswa. Wateja wapatao 225,000 walibaki gizani. Umeme ulirudi baada ya saa chache, na njia iliyourudisha ni ya kushangaza kwa wapenda mitambo mipya: wafanyakazi walipanda magari, wakaenda kwenye vituo, wakazifunga swichi kwa mikono. Bado walijua kufanya hivyo. Swichi za mkono bado zilikuwapo.

Mitambo ya tarakimu yaweza kukwama hata bila adui. Mita za kulipia kabla zinazotumia namba za tarakimu 20 zilihesabu wakati kwa dakika tangu mwanzo wa mwaka 1993, na hesabu hiyo ilipangwa kujaa tarehe 24 Novemba 2024. Duniani kote kila mita ya aina hiyo ilibidi iingizwe namba maalumu kabla ya siku hiyo, la sivyo ingekataa umeme mpya ulionunuliwa. Aliyeichora miaka ya 1990 hakuwaza kwamba mita yake ingefika mbali hivyo.

Kwa hiyo askari anayekwenda kutazama mashine ya kununua kwa fedha za kustaafu, pamoja na kuuliza bei yake na uniti inazokula kwa gunia, aulize pia swichi ya kuizimia kwa mkono iko wapi, na kama aifikia bila kupita juu ya mkanda.